Timu ya Vijana Haijengwi Kambini

Timu ya taifa ya vijana ikitolewa hatua ya makundi, lawama huanza kwa kocha, zikahamia kwa waamuzi, zikaishia kwenye hali ya hewa. Nimefundisha wachezaji wa umri huo kwa miaka mingi, na wapo niliowalea wakaitwa timu ya taifa. Ninachokiona ni kwamba wengi hufika mashindanoni wakiwa na kipaji cha kutosha na mechi chache mno miguuni.

Mtazame kiungo wa miaka 16 anapopokea pasi katikati ya uwanja. Aliyezoea ushindani ameshageuza shingo mara mbili kabla mpira haujamfikia. Anajua nani yuko mgongoni na upande upi uko wazi. Asiyezoea anaukodolea macho mpira unavyokuja, anautuliza vizuri kabisa, kisha anageuka na kukuta ameshavamiwa. Mguu wake hauna kasoro. Hajanyang'anywa mipira ya kutosha na watu asiowajua, kwenye mechi yenye mwamuzi na pointi, ambayo akivurunda wiki ijayo anaanzia benchi. Kambi ya wiki chache itampa pumzi na mfumo wa kocha. Mazoea hayo haiwezi kumpa.

Mwaka 2019 Tanzania iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza wenyeji waliifunga Nigeria mabao manne, na bado wakalala 5-4. Wakafungwa na Uganda, wakafungwa na Angola, wakaaga. Vijana wanaoitungua Nigeria mara nne hawana upungufu wa kipaji, jamani. Kulinda bao ni ujuzi unaojitegemea: beki wa pembeni ajue lini asipande, kiungo ajue lini auweke mpira chini na lini auondoe, kipa ajue kupoza mchezo. Haya kijana huyapata kwa kuongoza mechi nyingi za ligi na kuona nyingine zikimponyoka. Mahali pasipo na ligi ya vijana ya kudumu, atayajifunzia wapi?

Linaloniuma zaidi ni vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri wanaochezeshwa kama vijana. Mexico ilikosa Kombe la Dunia la mwaka 1990, la wakubwa kabisa, kwa sababu ilichezesha waliozidi umri katika michezo ya kufuzu ya vijana. Nigeria nayo ilifungiwa miaka miwili kwenye mashindano ya vijana mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa zilizopishana. Tangu 2009, FIFA imetumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kwa kuwa mifupa ya hapo ikishaungana kabisa, ni dalili kubwa kwamba mwenye nayo amepita umri huo. Kikosi kilichojengwa juu ya vijeba kinaweza kubomoka siku ya vipimo, na wanaoitwa kuziba mapengo ni wale waliokuwa wakiwekwa benchi. Mtoto mkweli huporwa miaka yake ya kucheza, kisha tunamlaumu kwamba hana uzoefu. Mzazi, usikubali mwanao abadilishiwe cheti, hata anayekushauri awe kocha unayemheshimu.

Hata pasipo udanganyifu, tunachagua kwa mabega. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka huohuo huhesabiwa wa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Katika umri wa miaka 13 au 14 pengo hilo ni kubwa, na kuna anayepevuka mapema na anayechelewa. Mrefu anashinda mipira ya juu, anasifiwa, anaitwa. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kimo, naye hana kingine, maana hakuwahi kulazimika kufikiri uwanjani. Ubelgiji iliunda kikosi cha taifa cha vijana wanaochelewa kukua, wapate nao mechi za kimataifa. Chama chochote cha soka kinaweza kuliiga hilo.

Kocha unayeteua kikosi, chukua orodha yako uandike mwezi wa kuzaliwa kando ya kila jina. Ukikuta karibu wote ni wa Januari hadi Machi, rudi uwanjani ukawatazame upya wadogo. Kisha andika kila mmoja amecheza dakika ngapi za ushindani msimu huu. Mimi huandika dakika hizo kwenye daftari, na huliamini kuliko mazoezi ya majaribio ya siku moja, ambayo huwapendelea wenye mbio na wenye chenga. Viongozi nao, kama fedha ni kidogo, ziende kwenye ligi ya rika ya miezi mingi kabla ya kambi, na mechi za kirafiki zitafutwe ugenini, mbele ya mashabiki wasiokupenda.

Na wewe kijana wa miaka 15 ambaye hujaitwa: usikimbilie klabu yenye jina ukakae benchi. Tafuta timu utakayoanza kila wiki, hata ya daraja la chini, na umwombe kocha akupange hata dhidi ya waliokuzidi nguvu. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo.