Alama zimepanda, mteja anasema amepata nafuu: nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Tasnifu yangu inahusu watu 15 waliofiwa, waliopata vikao vinane vya ushauri. Walijaza dodoso la sonona la PHQ-9 (alama zikipanda, dalili zimezidi) kabla ya kikao cha kwanza na baada ya kile cha mwisho, kisha nikamhoji kila mmoja. Wastani wa alama umeshuka kutoka 14 hadi 9. Ila watu watatu alama zao zimepanda (11 hadi 13, 9 hadi 12, na 12 hadi 18), ilhali kwenye mahojiano wote watatu walisema wamepata nafuu. Msimamizi anasema nichague moja, utafiti wa kitakwimu au wa kimaelezo, na hao watatu niwaondoe kwa kuwa wanavuruga matokeo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na jambo ambalo si la utafiti. Huyo aliyefika 18, fungua karatasi yake sasa hivi utazame swali la tisa, lile linaloulizia mawazo ya kuona heri afe au ya kujidhuru. Kama ameweka chochote zaidi ya sifuri, mtafute leo uzungumze naye, na umjulishe msimamizi. Uchambuzi utasubiri.

Sasa tasnifu. Usimwondoe hata mmoja. Kumfuta mshiriki kwa sababu majibu yake hayakupendeza ni kupika data, na ushauri huo haugeuki kuwa halali kwa sababu umetoka kwa msimamizi.

Tazama kwanza ukubwa wa badiliko. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni kati ya 0 na 27. Kwa kawaida badiliko lisilofika alama 5 halichukuliwi kuwa na uzito kwa mtu mmoja. Usingizi ukiharibika siku chache tu na uchovu ukafuata, alama mbili hizo zimepanda. Kwa hiyo wawili wa kwanza usiwaite waliozidiwa. Waite wasiobadilika. Ni kweli kwamba wa pili amevuka 10, alama inayotumiwa sana kushuku sonona, lakini mstari huo uliwekwa kwa ajili ya kuchuja, si kupima maendeleo ya mtu. Anayebaki ni mmoja, mwenye ongezeko la alama 6, na kwake ndiko ningetumia muda wangu.

Chukua dodoso zake mbili uzilinganishe swali kwa swali, kwa sababu jumla huficha mengi. Alama zimepanda wapi: usingizi, uchovu na hamu ya kula, au huzuni na kujiona hafai? Kisha jiulize wewe ulimuuliza nini. PHQ-9 inaulizia wiki mbili zilizopita tu. Nikikisia, swali lako la mahojiano lilikuwa kama «ushauri umekusaidiaje?», na hilo linagusa safari yote ya vikao vinane. Hayo ni maswali mawili, na mtu mmoja anaweza kuyajibu tofauti bila kudanganya popote. Kuna mfiwa anayelia kila usiku wiki hii kwa sababu ameanza kukiachia kilio alichokizuia tangu mazishi. Dodoso litaandika dalili zimeongezeka. Yeye atakwambia, kwa dhati, kwamba ana nafuu kuliko alipokuwa hahisi kitu. Tena ushauri humfundisha mtu kuitambua hali yake, hivyo anayejaza dodoso mwishoni anajipima kwa jicho ambalo mwanzoni hakuwa nalo. Rula ni ileile, mkono ulioishika umebadilika.

Ipo pia sababu isiyotupendeza sisi washauri. Hukusema nani aliendesha vikao. Kama ni wewe uliyewashauri na ni wewe uliyewahoji, nani atamwambia usoni aliyempangusia machozi kwamba hakumsaidia kitu? Liandike hilo waziwazi katika sura ya mbinu, na ukiweza, mtu mwingine arudie mahojiano na huyu mmoja, kwa ridhaa yake.

Kuhusu wastani ulioshuka, nenda taratibu. Watu hutafuta msaada wakiwa wamezama kabisa, na aliyezama hivyo huwa na nafasi kubwa ya kupata nafuu hata asiposaidiwa. Kwa mfiwa, muda wenyewe nao hufanya kazi. Bila kundi la kulinganisha huwezi kuandika kwamba ushauri ndio ulioshusha alama. Na ili kugundua tofauti ya ukubwa wa kati baina ya makundi mawili, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), unahitaji watu wapatao 64 kila kundi kwa viwango vya kawaida (uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ikiwapo, na wa asilimia 5 wa kudhani ipo ilhali haipo). Wewe una 15. Andika kwamba alama zilishuka, uishie hapo.

Upande wa mahojiano, usiniletee asilimia. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kuandika kwa fahari «asilimia 33.3 ya washiriki», na washiriki walikuwa tisa. Thamani ya mahojiano ni kuonyesha jinsi nafuu inavyotokea na inavyoelezwa. Soma maandishi yote mara kadhaa, vipe lebo vipande vyenye maana, vikusanye kuwa dhamira, kisha utafute kwa makusudi nani anaipinga kila dhamira.

Huko kuchagua upande unakoambiwa hakuna msingi katika fani hii. Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers alirekodi vikao vya tiba tangu miaka ya 1940, maneno ya mteja yalivyo. Katika utafiti wake wa Chicago uliochapishwa 1954, yeye na wenzake waliwapa wateja kadi zenye sentensi za kujieleza ili wazipange, wakayageuza mapangilio hayo kuwa namba, na baadhi ya wateja wakasubiri siku 60 kwanza ili walinganishwe na nafsi zao wenyewe.

Tengeneza jedwali la safu 15, moja kwa kila mshiriki: alama za mwanzo, za mwisho, maswali yaliyobadilika zaidi, na kando yake sentensi moja au mbili za maneno yake mwenyewe, jina likiwa limefichwa. Safu za wale watatu ziweke juu, na jedwali hilo ndilo utangulie nalo kwa msimamizi, kabla ya sura yoyote.