Maswali ya Wasomaji: Je, Dawa Hupungua Mwilini kwa Mstari Mnyoofu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa utafiti wa tiba. Nilipima kiwango cha dawa katika damu tangu saa ya 0, kila baada ya saa 4, nikapata miligramu 80, 40, 20, 10 na 5 kwa lita. Kompyuta ilinipa uhusiano (kipimo cha kati ya −1 na 1 cha jinsi nukta zinavyokaribia mstari mnyoofu) wa −0.93 kati ya muda na kiwango, nami nikaandika kwamba dawa hupungua kwa mstari mnyoofu. Msimamizi wangu amelikataa hitimisho hilo. Je, hajanionea?

JIBU: Hajakuonea, ndugu msomaji. Namba yako ni sahihi, ila inaeleza tu kwamba kadiri muda unavyosonga ndivyo dawa inavyopungua, na kwamba nukta zako haziko mbali sana na mstari. Haithibitishi kuwa mstari ndio umbo la upungufu wenyewe. Uchore mstari huo, yaani ule unaozikaribia nukta zako zaidi, uone: unaanzia 67 pale ulipopima 80, kisha unashuka 4.5 kila saa, hata saa ya 16 unafika −5, na hakuna damu yenye dawa pungufu ya sifuri. Tazama pia kwamba kipimo cha kwanza na cha mwisho viko juu ya mstari, ilhali vitatu vya katikati vyote viko chini yake. Makosa ya kubahatisha ya upimaji kwa kawaida hayajipangi hivyo. Hiyo ni dalili ya data iliyopinda.

Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11 na uhusiano wa takriban 0.82, ambazo zikichorwa hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana ninasisitiza, tena kwa nguvu, kwamba grafu itangulie hesabu.

Sasa zisome namba zako upya. Kwa miligramu, upungufu ni 40, 20, 10, kisha 5. Kwa asilimia, ni 50 kila mara. Sababu ni kwamba dawa nyingi huondolewa na ini na figo kwa sehemu ileile ya kiasi kilichopo, wala si kwa kiasi kilekile. (Pombe ni tofauti: kwa sehemu kubwa mwili huiondoa kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile kila saa, na huko mstari wako ungefaa.) Ukigeuza viwango vyako kuwa logi ya 10 (yaani kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba husika), kila hatua inashuka 0.301 na nukta zote tano zinakaa kwenye mstari mmoja. Uhusiano mnyoofu uliokuwa ukiutafuta upo, lakini ni kati ya muda na logi ya kiwango.

Katika ripoti, andika kwamba kiwango kilipungua kwa nusu kila saa 4, uambatanishe grafu ya logi. Usijumlishe asilimia hizo: baada ya saa 8 upungufu ni asilimia 75, si 100, kwa kuwa nusu ya pili ilikatwa kutoka 40, si kutoka 80.