Kuharisha damu kumekoma, mbona daktari bado anataka vipimo vya figo?

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu ameharisha damu siku kadhaa. Daktari alikataa kumpa antibiotiki, akatukataza hata dawa ya kuzuia kuharisha. Sasa tumbo limetulia, naye anataka mtoto arudi kupimwa damu na mkojo. Je, si kumsumbua mtoto bure?

JIBU: Si bure hata kidogo. Daktari wako anahofia sindromu ya hemolitiki uremiki, yaani hali inayoharibu seli nyekundu za damu na figo, ambayo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu mtoto aanze kuharisha, mara nyingi wakati ambapo tumbo limeanza kupona na wazazi wameshashusha pumzi. Chanzo chake kikuu ni baadhi ya bakteria wa E. koli, hasa aina ya O157, ambao hutoa sumu inayopenya kutoka utumbo hadi kwenye damu na kujeruhi kuta za mishipa midogo, ya figo hasa. Hapo damu huganda ndani ya mishipa hiyo, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hupungua, seli nyekundu huchanika zinapojipenyeza, na figo hushindwa kuchuja uchafu.

Kuhusu antibiotiki, kwa bakteria hawa zinaweza kuongeza sumu inayotolewa, ilhali kuhara damu kunakosababishwa na Shigela, bakteria wa aina nyingine, huhitaji dawa hizo. Kwa hiyo kipimo cha kinyesi ndicho kinachoamua, si duka la dawa. Dawa za kuzuia kuharisha huchelewesha sumu kutoka, na ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, huweza kuumiza figo.

Wengi wa watoto wanaoambukizwa O157 hawapati sindromu hii. Hata hivyo, usingoje tarehe ya miadi ukiona mtoto amepauka, amelegea kupita kiasi, anakojoa kidogo au mkojo wenye damu, amevimba uso, ana madoa mekundu ngozini au amepata degedege: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Takribani nusu ya wanaopata sindromu hii husafishwa damu kwa mashine au kupitia tumboni kwa muda, na walio wengi hupona.

Kwa sasa, mpe vinywaji maadamu anakojoa vizuri, na nawa mikono kwa sabuni kila umsafishapo, kwa kuwa anaweza kuendelea kutoa bakteria hao kwa wiki kadhaa. Iwapo figo zitakuwa zimeguswa, shinikizo la damu na protini katika mkojo vitapaswa kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, hata akionekana mzima kabisa.