Uwanja wa siku 27

Tabora

Mama yangu,

Sisi hapa wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linatulia. Ujumbe wako niliusomea kwenye simu ya mdogo wako, nikamwambia anikuzie maandishi, nikausoma tena. Mambo kama haya siwezi kuyajibu kwa kidole gumba, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Unasema umepewa usimamizi wa michezo hapo chuoni kwenu Kigoma, na hata mwezi haujaisha mkuu wako ameleta hoja kwamba mazoezi ya jioni yasimame mpaka mavuno, kwa kuwa vijana wanachoka shambani na palizi inalala. Unaniuliza ukubali, au umpinge mbele ya wakufunzi wenzako.

Unajua nitakavyoanza: kijana asiye na jioni hana asubuhi. Nimelisema hilo tangu mnarudi nyumbani magoti yamechubuka, mama yenu kanuna, mimi nacheka. Bado nalisema. Ila usiende kulitoa kikaoni ukasema ni la baba yako, maana baba yako ndiye aliyelima uwanja.

Kisa unakijua, lakini unakijua kwa mdomo wa marehemu mjomba wako. Kila sikukuu, pilau ikishashuka, lazima aniite "bwana shamba wa goli," nyumba nzima ikacheka na mimi nikacheka nao. Alikisimulia vizuri kuliko mimi. Kuna kipande kimoja tu alichokuwa akikiruka, na sijui hadi leo kama alikiruka kwa kutokukijua au kwa kunistahi.

Anza mwezi wa pili, 1974. Redio ikatangaza kwamba Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, dakika 3 na sekunde 32 na ushee. Na alikuwa ameshika mbele tangu bastola ilipolia, hakumngoja mtu. Wewe umezaliwa watu wameshazoea, huwezi kujua lile jambo lilitufanya nini. Chuo chetu kilikuwa kidogo, wanafunzi 60, wasichana wanane tu humo. Kesho yake jioni karibu wote walikuwa wanakimbia peku kuuzunguka uwanja wa mpira, na kila mmoja anataka kutangulia tangu mwanzo. Waliishiwa pumzi kabla ya raundi ya pili.

Ugomvi ukawa mmoja: 1,500 ni raundi ngapi? Nikaenda stoo nikaazima tepu ya kupimia mashamba. Nikashika mwanzo wa tepu, mjomba wako akashika mwisho. Mita 100 kwa 64. Kuzunguka mara moja, 328. Kwa hiyo raundi nne na nusu, halafu unaongeza hatua ishirini na kitu. Nilizichora namba zile kwa mkaa ukutani pa stoo na nilizijua kama jina langu. Mimi nilikuwa winga wa kulia, yeye kipa. Tulikuwa tunaujua uwanja ule tulipokanyaga na tulipoangukia.

Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mvua zilikuwa zimetutupa, nchi ikaagiza mahindi nje, tukala ule unga wa njano tuliouita wa Yanga. Sisi watu wa Simba tuliula kwa kinyongo mara mbili, maana Agosti ileile Yanga walitufunga 2-1 pale Nyamagana, Mwanza. Hata maksai wa chuo walikuwa wawili, mmoja Simba, mmoja Yanga, na kwa bahati mbaya Yanga ndiye aliyekuwa na nguvu. Nimecheka peke yangu sasa hivi, mama yako ananiuliza nacheka nini.

Basi ukaja wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Shule, ofisi, kambi, kila mahali palipo na ardhi palimwe. Sisi tulikuwa chuo cha kilimo, aibu ingekuwa kubwa kuliko ya wengine. Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zikaanguka, ardhi ikalegea. Ilikuwa Alhamisi, nasafisha plau nje ya stoo, mkuu wa chuo akapita, akasimama, akaniuliza kama anayeuliza saa:

"Uwanja wenu wa mpira una ukubwa gani?"

"Mia moja kwa sitini na nne, mzee. Ekari moja na nusu na ushee."

Nilimjibu hapohapo, kwa furaha, kama mwanafunzi anayetaka alama. Hata ekari nilimpigia mwenyewe, hakuniomba. Akaandika nyuma ya kitabu cha risiti. "Vizuri," akasema. "Jumamosi utafunga maksai."

Hicho ndicho kipande. Mama yako nilimwambia jana usiku, miaka yote hii. Alinyamaza, kisha akasema, "Angeulima hata usingemwambia." Huenda. Nilijitetea hivyohivyo mwaka 1974, na mwaka 1980, na siku ya kumzika kaka yake.

Jumamosi nikafunga maksai. Mkuu alinichagua kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani kwa plau ya ng'ombe, na nilitaka aone mifuo iliyonyooka, hilo nalo niliseme. Nilianzia goli la upande wa barabara. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa miaka mingi, plau iliingia kwa shida, halafu zikawa zinageuka chini juu, mizizi myeupe inaonekana. Katikati ya uwanja, pale kwenye duara, Yanga akasimama akakojoa. Watu wakashangilia. Huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa mwaka ule.

Nilipofika goli la pili mjomba wako alikuwa amesimama katikati ya nguzo, kafunga mikono. Hakusema kitu. Mkuu alikuwa pembeni, naye hakusema kitu. Mimi nikakata kona na maksai wangu, nikamzunguka. Nikirudi, nikamzunguka tena. Jioni shamba zima lilikuwa limegeuzwa isipokuwa kijipande mbele ya goli, ukubwa wa vyumba viwili vya kulala, nyasi zake bado. Hakuna aliyetoa amri kibaki. Hakuna aliyekilima.

Magoli hatukuyang'oa. Mwezi wa pili mahindi yalikuwa yamepanda, mbelewele zimeupita mwamba. Ungepita njia ya stoo jioni ungesikia mpira, du, du, du, na mtu humwoni. Ni mjomba wako ndani ya mahindi, ana kijana mmoja anamrushia, anadaka. Kila jioni, baada ya palizi. Sasa mtu huyo amechoka au hajachoka? Mweleze mkuu wako huyo. Kijana asiye na jioni hana asubuhi, nilikwambia.

Lakini tusimdhulumu mkuu wetu yule. Tulivuna magunia 9 pale uwanjani. Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mkufunzi: kilo 90 kwa gunia, ni 810. Watu 60, nusu kilo kwa siku, ni kilo 30. Siku 27. Uwanja mzima, goli hadi goli, siku 27 za ugali. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi na kila mara inanipa jibu lilelile, ila maana yake inabadilika. Nikiwa nimeshiba naona siku 27 si kitu, wangeweza kulima nyuma ya mabweni. Halafu nakumbuka sahani ya kwanza ya ugali mweupe baada ya miezi ya ule wa njano, na mjomba wako akaomba aongezwe. Aliongezwa. Nilimwangalia anavyokula na sikuthubutu kumtania.

Msimu wenyewe ulianza mwezi wa sita, 1975, mavuno yamekwisha. Tulisambaza matuta kwa majembe siku tatu, tukachora mistari kwa majivu ya jikoni, lakini uwanja uliolimwa haudanganyiki. Ukiupiga mpira chini ulikuwa unaenda unakotaka. Wasichana waliponea, kiwanja chao cha netiboli kilikuwa cha changarawe kando ya stoo, hapakulimika. Walicheza mechi tatu wakashinda tatu, na mchezaji wa akiba mmoja. Sisi tulicheza nne: tukashinda moja, sare moja, mbili tukafungwa. Tatu sina hamu nazo.

Ile tuliyoshinda ilikuwa na vijana wa reli. Walikuja na jezi zinazofanana na njumu, sisi wengine peku. Kipindi cha kwanza walikuwa wanajikwaa kila hatua, sisi tulijua tuta lilikuwa wapi na mfereji wapi, tulilima wenyewe. Dakika kama ya ishirini nikapita pembeni, nikaupiga makusudi kwenye ukingo wa tuta la zamani, ukaruka juu ya beki, nikauwahi nyuma yake na kumpasia mwenzangu. Goli. Mkuu wa chuo aliruka na kofia yake. La pili sikumbuki liliingiaje, liliingia tu.

Kipindi cha kwanza chote mjomba wako alidaka akiwa kwenye kile kijipande chake cha nyasi, sawasawa kama meza. Kipindi cha pili tukabadilishana magoli. Akaenda kusimama upande wa barabara, pale nilipoanzia kulima. Shuti lilikuja la chini, laini, la kudaka kwa mkono mmoja. Likagonga kisiki cha bua, likaruka juu ya mkono wake, likaingia.

Mpira ulikuwa wavuni na yeye hakugeuka kuutazama. Alinitazama mimi, mita 100 nzima, mimi niko kule mbele karibu na goli lao.

Tulishinda 2-1. Tulibebwa. Usiku tulipikiwa maharage yenye nyama. Miaka minne baadaye nikaenda kwao Urambo kumposa mama yako, na nani aliyekaa upande wa wakwe akanipangia maswali? Swali lake la kwanza: "Huyu kijana anajua kupima?" Wazee walidhani anauliza mashamba.

Mama yako yuko nyuma yangu anasoma, anasema nimezunguka sana, niandike neno moja: mpinge. Sijaliandika. Ningekuwa na umri wako ningempinga, hilo naona nimeshalisema nikiwa nadhani silisemi, basi lisihesabiwe. Chuo chenu sikijui, njaa yenu siijui, na mkuu wako simjui uso. Nenda kwanza ukakae pembeni ya uwanja jioni moja, uone nani anakuja mazoezini akitokea shambani na nani anakuja akitokea kitandani.

Dumu dogo la asali nimelikabidhi kwa jirani anayekuja huko kwa treni. Ni ya nyuki wadogo, mpe mama mwenye nyumba wako kidogo.

Na siku mkuu wako akikuuliza uwanja una ukubwa gani, mwambie hujapima.

Baba yako