Kabla Hujasema "Akiolojia Imethibitisha Biblia"

Ukifundisha Biblia kwa vijana, haipiti muda kabla mmoja hajakuletea picha aliyotumiwa WhatsApp: magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu. Mimi huwauliza maswali matatu. Nani aliyatoa, mwaka gani, na sasa yamehifadhiwa wapi? Picha ile haina jibu hata moja. Usiifundishe, maana siku kijana akijua ni uzushi, atatilia shaka hata yaliyo kweli.

Na ya kweli yapo. Anza na 2 Wafalme 18, Senakeribu mfalme wa Ashuru anapomtoza Hezekia mfalme wa Yuda talanta (kipimo cha uzito) 300 za fedha na 30 za dhahabu. Kisha wasomee maneno ya Senakeribu mwenyewe, yaliyoandikwa kwenye mche wa udongo wenye pande sita. Mmoja uko British Museum, London. Anajigamba kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye maboma na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu. Dhahabu anataja talanta zile zile 30. Fedha anataja 800.

Tofauti hiyo usiifiche. Wape muda waijadili; darasani kwetu ndipo mjadala hupamba moto. Halafu waonyeshe asichokisema: hakuna mahali anapodai kuingia Yerusalemu. Mji wa Lakishi huko Yuda alipouteka, aliagiza vita vile vichongwe kwenye kuta za jumba lake kule Ninawi, njia za udongo za kupandia ukutani na mateka wakiongozwa nje. Kwa Yerusalemu anaishia kwenye kuhesabu kodi. Kila nikifika hapo nasisimka, maana huyu ni adui anayesimulia.

Lakini mche huo hauwezi kukuambia kama malaika wa Bwana alipita usiku kambini mwa Waashuru na kuwaua, kama isemavyo 2 Wafalme 19. Hilo twaliamini kwa imani, na tuseme hivyo waziwazi. Vivyo hivyo jiwe la Tel Dan, jiwe la kale lenye maandishi lililopatikana kaskazini mwa Israeli 1993: linataja "Nyumba ya Daudi", lakini halituambii lolote kuhusu Goliathi.

Yeriko nayo usiiruke. Mwanaakiolojia Mwingereza Kathleen Kenyon alichimba pale kuanzia 1952 hadi 1958, akahitimisha kwamba mji wenye kuta uliangamia yapata mwaka 1550 KK, mapema kuliko wakati ambao wengi humweka Yoshua. Wapo wanaopinga tarehe zake, ila wataalamu wengi wanazikubali. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo hivyo, wayasikie kanisani kabla hawajayakuta chuo kikuu.