Darjeeling mbona haina nguvu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Wifi yangu karudi toka India kwenye matibabu, kaniletea pakiti ya majani ya chai imeandikwa Darjeeling, anasema ndo chai ya wakubwa. Nikaipika kama siku zote, maji na maziwa sufuria moja, tangawizi, iliki, ikachemka hasa, lakini imetoka imepauka na ukionja unasikia tangawizi tupu na uchungu kwa mbali. Ivi wifi kauziwa feki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wifi yako hajaibiwa, sufuria ndo imekuponza, na mimi chai nzuri ikiharibiwa naumia kweli.

Mimina kiganjani majani yetu ya Mufindi au Kericho, alafu pembeni weka hayo ya Darjeeling, eneo la milimani huko India. Yetu mengi ni punje ndogondogo, yamepitishwa kwenye roli zenye meno yakakatwakatwa, njia hiyo inaitwa CTC na ilianzia Assam hukohuko India miaka ya 1930, ndo maana yakigusa maji tu rangi inatoka na ukali unapenya maziwa. Ya Darjeeling yamesokotwa tu, ukiyamwagia maji yanajikunjua unaliona jani lenyewe. Wengi wanadhani siri ni baridi ya milimani, lakini mbona Kericho nako ni juu, karibu mita 2,000? Mche pia ni tofauti, Darjeeling wana mingi ya asili ya China, jani dogo, na Kericho ni ule wa Assam wenye jani pana.

Sasa fanya hivi: chemsha maji peke yake, zima jiko, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, funika dakika 3, chuja, usiache majani humo yataleta uchungu. Usitie maziwa wala sukari kwanza, onja. Ya mavuno ya Machi na Aprili inanukia maua, ya Mei na Juni utasikia kama zabibu, hiyo ndo naipenda mimi.

Ukitaka ya maziwa kutoka India tafuta Assam, nzito ile. Earl Grey ni chai ya kawaida iliyotiwa mafuta ya bergamoti, tunda jamii ya machungwa, na Lapsang Souchong ya China wanaikausha kwa moshi wa misonobari, ukinywa utadhani umekaa jiko la kuni.

Na hiyo pakiti usiiweke kabati moja na iliki, majani ya chai yanavuta harufu haraka sana.