Mungu hatumwi: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama utakuwa umemkosea Mungu ukienda kwenye yale maombi ya siku saba, ambako mhubiri anaahidi kwamba kila atakayefunga na kutoa sadaka ya mbegu, yaani fedha inayotolewa ili kuvuna baraka, atapata kazi kabla mwezi haujaisha. Kadiri ninavyolitafakari swali lako, ndivyo ninavyohangaishwa na siku ya nane kuliko zile saba. Kazi ikipatikana, Mungu utamtafuta tena kwa lipi? Na isipopatikana, utamwendea nani?

Soma tena sura ya sita ya Injili ya Yohana. Wanaume wapatao elfu tano walishibishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, na kesho yake watu wakapanda mashua wakavuka bahari kumtafuta Yesu. Mimi jitihada hiyo ningeisifu. Yeye aliwaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Sura hiyo haijaisha, na wengi wa wanafunzi wake wamekwisha kurudi nyuma, wala hatusomi kwamba aliwafuata na mikate mingine ili wabaki.

Tangu mko wadogo mmenicheka kwa neno langu kwamba Mungu hatumwi, na kaka yako akawa hodari wa kuniigiza, lakini sina jingine. Lilinikaa vizuri mwaka ule baba yako alipougua figo, wakati wewe ulikuwa bwenini na tulikuficha mengi. Shangazi yako, kwa wema tu, alitushawishi twende kwa mhubiri mmoja aliyesifika kwa uponyaji. Baba yako alipakwa mafuta, akawekewa mikono, akaamriwa aitupe fimbo yake atembee kwa imani. Alipiga hatua chache akaanguka mbele ya watu wote. Mhubiri yule akakitwaa kipaza sauti, akautangazia umati kwamba ndugu huyu amezuiwa na dhambi anayoificha, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Hasira ile nimeiombea miaka mingi, na ninapokuandikia bado naisikia kifuani.

Njiani nilimsema mhubiri yule kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Baba yako aliniacha mpaka nikachoka, ndipo akasema kwamba kuanguka hakukumuumiza sana. Kilichomsikitisha ni kuwa kwa saa zote zile watu walimweleza Mungu la kufanya, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini. Aliendelea kwenda hospitali kusafishwa damu, na aliendelea kuomba apone, ila kila sala aliimalizia kwa maneno ya Gethsemane: “walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke.” Kisha akaenda kupatana na yule ndugu aliyemdhulumu urithi, ambaye huna haja nikutajie, akamwachia na kile kidogo kilichokuwa bado kinabishaniwa. Mimi sikulitaka jambo hilo na nilimwambia. Alicheka, akasema hawezi kujikabidhi kwa Mungu huku ameshika hati mkononi. Hakupona, kama ujuavyo, lakini katika miaka yetu yote ya ndoa sikupata kumwona akiwa huru namna ile.

Hata hivyo lazima nijipinge. Bartimayo yule kipofu alipopiga kelele kando ya njia ya Yeriko, Yesu hakumhubiria habari za kujikana nafsi. Alimwuliza, “Wataka nikufanyie nini?” naye akaomba kuona, akaona. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe kabla ya kujibiwa, “Neema yangu yakutosha.” Basi kuomba nafuu si dhambi, na mimi niliyeshiba ni nani hata nimfundishe subira mtu ambaye amekaa bila mshahara? Najiambia hivyo, halafu nakumbuka kwamba Bartimayo, alipokwisha kupata macho, alimfuata Yesu njiani, na njia hiyo ilikuwa ikielekea Yerusalemu, msalabani. Alipewa alichoomba na bado akajitoa mwenyewe. Msalaba anaoutaja Yesu katika Luka 9:23 ni wa kujitwika kila siku, na sijui mfungo uwezao kuumaliza kwa juma moja.

Hiyo sadaka ya mbegu ndiyo inayoniwasha ulimi. Simoni wa Samaria alipowaletea mitume fedha ili apate karama ya Mungu, unajua Petro alimjibu nini: fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye. Mungu hatumwi, na kama hatumwi kwa kelele, sioni atatumwaje kwa bahasha. Lakini hukuniuliza habari za bahasha, na huyo mhubiri wako simjui; huenda ni mtu mwema kuliko yule wangu. Ungekuwa bado chini ya paa langu ningekwisha kukujibu kwa neno moja. Sasa u mtu mzima, na njaa ya kazi ni yako, kwa hiyo nalimeza neno hilo, ingawa halimezeki kwa urahisi.

Ukienda, fedha ya kodi ya nyumba iache nyumbani. Na ukirudi niandikie, hasa kama kazi imepatikana.

Mama yako